Vazi la Njiani: Historia ya Nguo za Vijana katika Fizi na Baraka

1.0 Utangulizi

Mijadala kuhusu mavazi ya vijana wa mijini ina desturi ya kuanza na kuishia mahali pamoja: kwamba vijana wameyatupa mavazi ya mababu zao na kujivika vitu vilivyotoka ng'ambo. Hoja hii husikika Dar es Salaam na Nairobi. Husikika pia Baraka, mji wa ufukoni mwa Ziwa Tanganyika katika wilaya ya Fizi, jimbo la Kivu Kusini, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Anayelaumiwa ni kijana aliyevaa suruali ya jinzi iliyopwaya, fulana yenye jina la chuo asichokijua, jaketi jepesi lenye kofia, na raba au ndala. Hilo ni vazi la mtu anayeweza kuamka Baraka, akapanda pikipiki hadi Fizi milimani au mashua hadi Kigoma, akalala alikofikia, na kesho yake akaendelea na shughuli zake bila kuhitaji nguo nyingine.

Makala haya hayakusudii kulitetea vazi hilo kwa kulisifu. Yanakusudia kuuliza swali la kihistoria: ni lini hasa ambapo vijana wa ufuko huu walivaa nguo isiyokuwa na uhusiano na safari? Maoni yetu ni kwamba tangu katikati ya karne ya 19, na pengine kabla ya hapo, vazi la vijana wa Fizi na Baraka limekuwa vazi la njiani. Limefika kwa njia, limechaguliwa kwa ajili ya njia, na mara nyingi limehukumiwa na wale waliokuwa na uwezo wa kuifunga njia. Ushahidi wetu ni wa aina tatu: maandishi ya wasafiri na wanahistoria, amri za watawala, na msamiati. Huu wa tatu hautumiwi sana na wanahistoria, ingawa kwa mwanafunzi wa Kiswahili ndio ulio karibu zaidi.

2.0 Mtumba wa kwanza

Mwezi Aprili 1858 Waingereza wawili, Richard Burton na John Hanning Speke, waliondoka Ujiji kwa mitumbwi wakielekea kaskazini. Walipita rasi ya Ubwari, inayoikinga ghuba ambayo Baraka imejengwa kando yake (ramani za Kizungu zimeipa ghuba hiyo jina la Burton), wakafika Uvira. Burton aliieleza Uvira kuwa bohari kuu ya kaskazini kwa watumwa, pembe za ndovu, nafaka, vyombo vya chuma na nguo za magome ya miti. Hicho kitu cha mwisho ndicho kinachotuhusu. Tumezoea kuifikiria nguo ya gome, yaani mbugu, kuwa vazi la nyumbani, la kijiji kilichotulia kabla ya wageni kuja. Kumbe hata mbugu ilikuwa bidhaa ya mitumbwi: ilipondwa na kulainishwa upande mmoja wa ziwa, ikaenda kuvaliwa upande wa pili. Yeyote atafutaye vazi la asili ambalo halikuwahi kusafiri hatalipata kwa urahisi katika nchi hii.

Wakati huohuo nguo ya pamba ilikuwa imekwisha kuingia. Iliyotawala ilikuwa merikani, kitambaa kizito kisichopaushwa, kilichofumwa katika viwanda vya kaskazini-mashariki mwa Marekani na kuletwa Unguja na mabaharia wa Salem. Mkataba wa biashara kati ya Marekani na Sayyid Said ulitiwa sahihi mwaka 1833, na balozi mdogo wa kwanza wa Marekani alianza kazi Unguja mwaka 1837. Kutoka pwani merikani ilisafiri kwa mabega ya wapagazi kupitia Tabora hadi Ujiji, kisha kwa mitumbwi hadi ng'ambo ya ziwa. Pamoja nayo zilikuja kaniki, iliyotiwa nili huko India, na nguo za mistari za Maskati ambazo bei yake iliwafaa wakubwa tu.

Kwa nini merikani? Jibu jepesi ni bei, lakini bei haielezi yote. Wanunuzi wa bara walikuwa wachaguzi mno. Walikataa kitambaa chepesi kilichonyooshwa kwa wanga, wakakipima uzito kwa mikono, na mfanyabiashara aliyebeba rangi au aina isiyotakiwa katika nchi fulani alirudi nayo au aliitupa. Mwanahistoria Jeremy Prestholdt ameonyesha katika kitabu chake cha mwaka 2008 kwamba matakwa ya wanunuzi wa Afrika ya Mashariki yaliathiri kilichofumwa Salem na baadaye Bombay. Merikani ilipendwa kwa sababu ilifanya kazi nyingi. Mchana ilifungwa kiunoni au begani. Usiku ilikuwa shuka la kujifunika. Mvua iliponyesha ilikuwa hema. Mtu alipokufa ilikuwa sanda. Zaidi ya hayo ilikuwa fedha. Mikono minne ilifanya shuka moja, shuka mbili zilifanya doti, na doti zilihesabiwa katika mahari, faini, hongo ya njia na ujira. Mpagazi alivaa sehemu ya mshahara wake. Alipoishiwa alikata kipande, akanunua chakula.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, kati ya mwaka 1861 na 1865, viliidhoofisha biashara hiyo, na kufikia mwisho wa karne viwanda vya Bombay vilikuwa vimeshika nafasi ya Wamarekani. Nguo iliyofumwa Bombay iliendelea kuitwa merikani. Jambo hili si dogo kwa mwanaisimu. Kitambaa kiliitwa kwa jina la nchi kisikotoka, na wavaaji hawakuona dosari, kwa kuwa kwao jina lilikwisha kuwa jina la sifa, la uzito na uimara, wala halikuwa tena jina la mahali.

Neno lenye historia ndefu zaidi, hata hivyo, ni mtumba. Katika misafara ya karne ya 19, mtumba ulikuwa furushi la nguo lililofungwa kwa kukazwa likawa kama mto mrefu, ili likae vizuri begani mwa mpagazi mmoja. Uzito wake ulikuwa takriban frasila mbili, yaani paundi 70 hivi. Leo mitumba ni nguo zilizokwisha kuvaliwa, zinazofika katika marobota ya kilo 45 au 55 yaliyokandamizwa kwa mashine. Kilichobadilika ni yaliyomo, lakini neno ni lilelile, na kwa kiasi kikubwa barabara ni ileile: Dar es Salaam imechukua nafasi ya Bagamoyo, reli imechukua nafasi ya mabega, na Kigoma imechukua sehemu ya kazi ya Ujiji.

Haifai kuisimulia habari hii kana kwamba ilikuwa biashara ya furaha. Doti iliyomvika mmoja ilimnunua mwingine. Kijana wa Kibembe au wa Kibwari aliyefuatana na misafara, akarudi amevaa kanzu na kusema Kingwana, alijiita muungwana. Na neno hilo lilikuwa na maana kwa sababu kando yake alikuwapo mtu asiyekuwa muungwana, aliyepitishwa Uvira au Ujiji na kipande cha nguo kiunoni. Kanzu ilitangaza kwamba mvaaji wake hauzwi. Hapo ndipo mavazi ya vijana wa ufuko huu yalipoanza kuwa suala la uhai, na kwa maoni yetu hayajaacha kuwa hivyo.

Wamisionari Wakatoliki, Mapadri Weupe, waliojenga Masanze mwaka 1880 na Kibanga mwaka 1883, karibu na ghuba hiyohiyo, waliliona jambo hili mapema. Wao wenyewe walivaa gandura na joho jeupe la Afrika ya Kaskazini, vazi ambalo machoni pa wenyeji halikuwa mbali na kanzu ya Mwarabu. Watoto waliowakomboa kutoka utumwani waliwakomboa kwa bidhaa, nguo zikiwemo, kisha wakawavika.

3.0 Kaputula, abacost na watu wa porini

Utawala wa Wabelgiji ulikuja na suruali fupi. Askari wa Force Publique alivaa kaputula, mpishi na mtumishi wa nyumbani walivaa kaputula, na kwa miaka mingi mtu mzima mwenye mke na watoto aliweza kutambuliwa kuwa mtu wa kazi ya Mzungu kwa sababu miguu yake ilikuwa wazi kama ya mtoto wa shule. Suruali ndefu, shati na viatu vilikuwa dai la cheo. Ndiyo sababu karani wa wakati huo alionekana mwenye majivuno: alikuwa akivaa hoja.

(Ziwa lenyewe halikumheshimu kila Mzungu kwa mavazi yake. Kamanda Geoffrey Spicer-Simson, Mwingereza aliyeongoza mashua ndogo za kivita kutoka Lukuga, ambako leo ni Kalemie, na kuikamata meli ya Kijerumani Kingani tarehe 26 Desemba 1915, alikuwa akivaa sketi ya kaki badala ya suruali, akidai kuwa yafaa zaidi katika joto. Inasimuliwa kwamba wenyeji walimpa jina la Bwana Chifungatumbo.)

Kilimo cha lazima cha pamba kiliingizwa katika koloni tangu mwaka 1917. Mkulima alilazimishwa kuotesha kile ambacho hapo awali alikinunua kikiwa kimefumwa. Katika miaka ya 1940 kiwanda cha Filtisaf kilianzishwa Albertville, ndiyo Kalemie, na vitambaa vyake vikasambaa pande zote za ziwa. Kwa upande mwingine serikali ilikipiga marufuku chama cha Bwami mwaka 1948. Kwa Babembe na Balega, Bwami ilikuwa taasisi ya maadili na madaraka ambayo ngazi zake zilijulikana, pamoja na mambo mengine, kwa kofia, mikanda na kauri. Tunataja jambo hili kwa sababu wazee wanaosema leo kwamba vijana wameyaacha mavazi ya mila huisahau tarehe hiyo. Vazi lililokuwa na maana kubwa kuliko yote halikuachwa na vijana; liliondolewa kwa amri ya ofisi.

Mwaka 1964 uasi wa Simba uliienea Fizi, na wapiganaji wake, wengi wao wakiwa vijana, walijivika ngozi, majani na hirizi juu ya kaputula na mashati. Che Guevara aliyefika Kibamba, katika pwani ya Fizi, mwezi Aprili 1965 na kuondoka mwezi Novemba mwaka huohuo, alieleza kwa mshangao imani yao katika dawa ya kuzuia risasi. Hakuona sana, au hakuona umuhimu, kwamba ngozi na majani yalikuwa pia sare ya watu ambao hawakuwa na serikali ya kuwashonea sare. Baraka na Fizi zilitwaliwa na jeshi la serikali na mamluki kati ya Septemba na Oktoba 1965, lakini milima haikutwaliwa. Laurent-Désiré Kabila na chama chake, PRP, kilichoanzishwa mwaka 1967, walibaki huko kwa takriban miaka 20.

Hali hiyo ilizaa jambo la pekee. Mapema katika miaka ya 1970 Rais Mobutu alitangaza siasa ya uhalisi. Nchi ikawa Zaire. Suti na tai zikapigwa marufuku. Wanaume wakavaa abacost, koti lisilo na tai, ambalo jina lake limetokana na maneno ya Kifaransa yenye maana ya kuiangusha suti. Wanawake walikatazwa suruali, sketi fupi na nywele za bandia, wakaamriwa kuvaa vitenge. Lakini amri ya Kinshasa haikufika kwa nguvu ileile katika milima ya Fizi. Watu wa porini, kama walivyoitwa, walipata mahitaji yao kwa kuuza dhahabu na pembe ng'ambo ya ziwa, na macho yao yalitazama Kigoma na Dar es Salaam. Kule Tanzania vazi la heshima la kiongozi lilikuwa kaunda suti. Ukiziweka abacost na kaunda suti sambamba utaona zinafanana kama ndugu: zote mbili zinaikana tai. Hata hivyo katika wilaya moja ziliweza kumaanisha utii kwa watu wawili tofauti. Kabila mwenyewe alipoingia Kinshasa mwezi Mei 1997 alivaa suti ya aina hiyo ya Kitanzania, wala si abacost, ambayo Mobutu alikwisha kuilegeza katika hotuba ya Aprili 1990. Na katika wiki hizohizo za Mei 1997 zilitoka taarifa za askari wa jeshi jipya kuwasumbua wanawake wa Kinshasa waliovaa suruali. Watawala walibadilika, na mwanamke akaendelea kuchaguliwa nguo na mtu mwingine.

4.0 Shimizi, mupira na maneno ya kuchagua

Vita vilivyoanza Oktoba 1996 viliwavusha watu wa Fizi kwenda Tanzania kwa maelfu. Kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, ilifunguliwa mwaka huohuo. Za Lugufu zikafuata mwaka 1997 na kufungwa mwaka 2009. Sheria ya Wakimbizi ya Tanzania ya mwaka 1998 iliwafunga wakimbizi kambini, na utekelezaji wake ulijulikana kwa kipimo cha kilomita 4, ambazo mtu hakuruhusiwa kuzivuka bila kibali. Kijana aliyetaka kufika sokoni Kasulu au Kigoma alijua kwamba atatambuliwa kwa mambo mawili: kinywa chake na nguo zake. Akajifunza kuyarekebisha yote mawili.

Kinywa kilikuwa kigumu zaidi. Katika Kiswahili cha Kivu shati huitwa shimizi, kutoka neno la Kifaransa. Katika kamusi za Kiswahili sanifu shimizi ni nguo ya ndani ya mwanamke. Kijana wa Kibembe anayeingia duka la Kigoma na kuulizia shimizi ya kuvaa kanisani atasababisha kicheko, na kicheko hicho kinaweza kumfikisha polisi. Vivyo hivyo mupira, ambao Kivu ni sweta au fulana, Tanzania ni kitu cha kupigwa teke. Suruali ni pantalo; kitenge ni kikwembe. Baada ya miaka 10 kambini kizazi kizima kilikuwa na seti mbili za maneno, kikizibadilisha kulingana na msikilizaji kama mtu anavyovaa na kuvua koti. UNHCR ilipoanza kuwarudisha watu kwa meli kutoka Kigoma hadi Baraka mwaka 2005, walirudi na fulana, raba, jinzi, na maneno hayo. Kwa sababu hiyo leo, katika soko la Baraka, shati na shimizi vyaweza kuuzwa meza moja na kuwa kitu kilekile.

Biashara ya mitumba ilikuwa imetangulia. Tanzania ilianza kulegeza masharti ya uagizaji katikati ya miaka ya 1980, na marobota yakaanza kuingia kwa wingi. Kongo yenyewe ilikuwa na historia ndefu zaidi: tangu zama za ukoloni nguo kuukuu kutoka Ulaya na Marekani zilikuwa zikifika Katanga na kuvushwa kwa magendo hadi Rhodesia ya Kaskazini, kama alivyoeleza Karen Tranberg Hansen katika kitabu chake Salaula cha mwaka 2000.

Majina ya nguo hizi yanastahili kutazamwa kwa pamoja. Zambia zinaitwa salaula, neno la Kibemba lenye maana ya kuchakura katika lundo na kuchagua. Lubumbashi zimeitwa sola, maana yake kuchagua. Burundi na Rwanda zinaitwa chaguwa, na hapo hatuhitaji tafsiri. Tanzania na Kenya walishika jina la mzigo, mitumba. Na palikuwapo pia jina la kejeli, kafa Ulaya, lililomkumbuka mwenye nguo wa kwanza na kumdhania amekufa. Kati ya majina haya yanayozunguka Ziwa Tanganyika, matatu hayasemi lolote kuhusu umaskini, uchakavu au Uzungu. Yanataja tendo la mnunuzi. Aliyeinama juu ya lundo anakagua mshono, anavuta kitambaa kuona kama kinarudi, anahesabu mifuko, anatazama kama zipu inafika juu. Huyu hana tofauti kubwa na yule aliyeipima merikani kwa mkono mwaka 1858 na kuikataa iliyotiwa wanga.

Kwa hiyo hatukubaliani na wale wanaosema kwamba kijana wa Baraka anavaa anachotupiwa. Ni kweli kwamba nchi zilizoendelea hutupa, na ni kweli kwamba ndani ya robota mna vitu visivyofaa hata kupangusia baiskeli. Lakini kati ya kutupwa na kuvaliwa pana mlolongo wa watu wanaochagua, na wa mwisho ni fundi cherehani. Huyu huibana suruali ya mtu mnene ikawa ya kijana mwembamba, hugeuza koti la baridi la Kanada likawa jaketi la pikipiki, huongeza mfuko wa ndani pale ulipohitajika. Ufundi wake haujaandikiwa historia.

5.0 Kizuizini

Huo mfuko wa ndani una sababu. Utafiti wa taasisi ya IPIS uliotolewa mwaka 2017 uliorodhesha vizuizi vya barabarani 798 katika Kivu Kaskazini na Kivu Kusini, vya jeshi, vya polisi, vya makundi yenye silaha na vya mamlaka za kiraia. Barabara ya Uvira, Baraka na Fizi, na njia za kwenda machimbo ya dhahabu ya Misisi, ni sehemu ya ulimwengu huo. Anayesimamishwa huulizwa karatasi, lakini kabla ya karatasi hutazamwa. Nguo yenye madoa ya kijeshi, hata kama ni suruali ya kawaida iliyotoka katika robota na kushonwa kwa ajili ya mwindaji wa Marekani, inaweza kumfanya mvaaji aitwe mwasi na upande mmoja na mpelelezi na upande wa pili. Wakati wa vita vya 1996 watu walijifunza kuwatambua askari vijana wa AFDL kwa mabuti yao ya mpira. Tangu hapo hata viatu vya shamba viliweza kuleta mashaka. Nguo mpya sana humtangaza mvaaji kuwa na fedha. Nguo chakavu sana humfanya aonekane ametoka porini. Fulana ya timu ya mpira ya Ulaya, jinzi ya kawaida na raba havisemi lolote, na kutosema lolote ndilo jambo linalotakiwa.

Hapa tunaona tofauti na mtindo wa Kinshasa unaojulikana zaidi duniani, ule wa Sape, uliopata umaarufu kupitia Papa Wemba, mwanamuziki aliyefariki akiwa jukwaani Abidjan mwezi Aprili 2016. Sapeur huvaa ili atazamwe. Anahitaji barabara ya lami, hadhira na siku ya kiangazi. Muziki wake umefika Baraka, na siku za harusi utawaona vijana waliovutwa nao. Lakini Jumatatu inaporudi, kivuko kinapongojewa na matope ya Mutambala yanapofika kwenye vifundo vya miguu, viatu vya ngozi hurudi mfukoni. Wachambuzi wa Ulaya waliojaza vitabu juu ya Sape wangefaa wakaangalia pia namna hii nyingine ya kuvaa, ambayo haipigwi picha.

Kwa wasichana mambo ni magumu zaidi, kwa kuwa wao hupita vizuizi viwili, cha barabarani na cha nyumbani. Suluhisho lao lina busara ambayo haikubuniwa na mshonaji yeyote: jinzi ndani, kikwembe juu yake. Juu ya pikipiki jinzi humwezesha msichana kukaa kwa kupanua miguu bila kuanguka mteremkoni; akishuka mbele ya wakwe au kanisani, kikwembe humrudishia heshima inayodaiwa. Kitambaa hichohicho ni mbeleko mtoto akiwapo, kata kichwani ndoo ikiwapo, na shuka usiku safari ikikatika. Chimbuko la mtindo wake ni batiki ya Java iliyoigwa na viwanda vya Uholanzi, mathalani Vlisco ya Helmond iliyoanzishwa mwaka 1846, kisha ikaigwa tena Afrika na baadaye China. Mobutu aliiamuru kuwa vazi la uhalisi wa Mzaire. Bibi zao walikuwa wakiitendea shuka ya merikani kwa namna hiyohiyo kabla hajazaliwa.

Mwaka 2016 wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki waliafikiana kuiondoa mitumba hatua kwa hatua ili kulinda viwanda vya nguo. Rwanda ilipandisha ushuru kutoka dola 0.20 hadi dola 2.50 kwa kilo. Marekani ilijibu kwa kutishia upendeleo wa kibiashara. Kenya, Uganda na Tanzania zikarudi nyuma, Rwanda ikakataa, na mwezi Julai 2018 nguo zake zikaondolewa katika upendeleo huo. Wakati huo Kongo haikuwa mwanachama. Ilikubaliwa mwezi Machi 2022 na kukamilisha taratibu mwezi Julai mwaka huo. Kwa hiyo suala hilo likirudi mezani Arusha, Kongo nayo itakuwa na kiti, na robota linalopakiwa katika mashua pale Kibirizi, Kigoma, kwa ajili ya Baraka, litakuwa bidhaa inayosafiri ndani ya Jumuiya moja, kama lilivyosafiri ndani ya eneo moja la biashara kabla ya mipaka ya Wajerumani na Wabelgiji kuchorwa.

Wanaotunga sera hizo huwasikiliza wenye viwanda, na ni haki wawasikilize: Filtisaf ilikufa, na pamoja nayo kazi za watu wengi. Hatujaona mahali popote walipowauliza mafundi cherehani. Mwezi Februari 2025, baada ya Goma kuanguka Januari na Bukavu kufuata, maelfu ya watu wa Kivu Kusini walivuka tena kwenda Burundi. Wengi walivuka Ruzizi kwa miguu, wakiwa wamevaa nguo mbili au tatu, moja juu ya nyingine, ili mikono ibaki huru kubeba watoto.